Blanketi la Wageni

Mama Pimbi aliishi na wanawe kwenye pango la mawe. Alijinyima mwaka mzima akanunua blanketi zito la sufu. Watoto walipolirukia, aliwafukuza. "Acheni! Hilo ni la wageni." Akalifungia sandukuni, nao wakaendelea kujifunika gunia.

Baridi ilipoingia, kitinda mimba alianza kukohoa. Mama aliliwazia blanketi, kisha akaona aibu, mgeni asije akalikuta lina makamasi.

Jioni akafika Bi Nungunungu. Mama Pimbi alimfunika blanketi kwa fahari. Mgeni akajigeuza huku na huku, na kulipokucha blanketi lilikuwa kama chekecheke.

"Nisamehe, mwenzangu," alisema Bi Nungunungu. "Mimi huwa sijifuniki."

"Mbona hukusema?"

"Ulivyolitoa kwa furaha vile, ningekataaje?"

Mama Pimbi alishinda akishona matundu. Kabla jua halijazama aliwafunika wanawe wote, naye akajipenyeza katikati. Kikohozi kikatulia.

"Mama," aliuliza kitinda mimba, "akija mgeni mwingine?"

"Kama hana miiba, tutabanana naye humuhumu. Haya, laleni."