Sauti Anayoiamini Mama

Kila mpiga kura alisomewa habari na kisemeo, kifaa cha nyumbani kilichoiga sauti ya mtu anayemwamini kuliko wote, na mama yake Tumsifu alisomewa kwa sauti ya Tumsifu. Hilo lilimkera Tumsifu maradufu, kwani alikuwa mtangazaji wa redio kwa miaka ishirini na sita, na mama hakuwa amefungua redio tangu uchaguzi uliopita.

"Huyo mgombea wako amesaini barua ya kufunga kliniki ya figo, mama. Huko huko unakosafishwa damu."

"Asubuhi umeniambia ataipanua."

"Si mimi!"

"Nani basi? Hata kikohozi chako nakijua."

Tumsifu akamwekea nakala ya barua mapajani na kumwonyesha saini kwa kidole. Mama akaitazama kidogo, kisha akakigeukia kisemeo kilichokuwa mezani.

"Eti mwanangu, ni kweli haya?"

"Hapana, mama," kikajibu kwa upole ambao Tumsifu hakuwa nao wiki nzima. "Vaa sweta, nje kuna baridi, kisha uende ukapige kura."

Mama akachukua sweta.

"Unaona?" akamwambia Tumsifu. "Ukitulia, unasema vizuri."