Koti la Mzingani

Ciakuthii alilizamisha koti la mwanawe ndani ya povu la adui, akalikandamiza kwa viwiko mpaka likalowa lote. Povu lilikuwa la ile sabuni ya unga ya pakiti inayometameta, ambayo mkaza mwanawe aliiweka juu ya kabati kama dawa ya mgonjwa. Nyumbani hapakuwa na mtu. Kaari, mwenye sabuni, alikuwa ameshuka sokoni Siakago, na mumewe Njagi alikuwa kwenye shamba lake la ndengu.

"Kunywa," aliliambia koti. "Kunywa ushibe."

Halikuwa koti la kuendea kanisani. Lilikuwa la turubai, zito, la kurinia asali. Huko Mbeere hata mtoto anajua: koti la mzingani hufuliwa kwa sabuni ya kipande isiyo na harufu, likafukizwa moshi kidogo, basi. Nyuki hapendi marashi. Ukimwendea unanukia kama bibi harusi, atakuvisha pete uso mzima.

Vita vya sabuni vilianza tangu Kaari aolewe kutoka Embu mjini. Ciakuthii alifulia kipande cha bei ya chini, kile muuza duka anachokata kwa uzi. Kaari hakukitaka hata kukishika.

"Kwani hizo nguo unazifua zikaposwe?" Ciakuthii alimuuliza. "Jasho la mwanangu lote linaishia kwenye povu!"

"Mama, hicho kipande chako kimefanya mashati yake yawe kama magunia ya makaa. Utomvu wa ndizi hakitoi. Ngozi ya mikono ndiyo kinatoa."

Siku moja kisimani, mbele ya wanawake wote, Ciakuthii alimtegea.

"Kitendawili!"

"Tega," wakaitikia wenzake, wakijua kuna mtu ataumia.

"Ananukia toka barabarani, lakini ugali wake mbichi."

Wakacheka. Kaari alikamua shati taratibu, akalikung'uta.

"Na mimi nina changu," akasema. "Huwanusa watu wote, na pua yake imezibwa na ugoro."

Hapo walicheka mpaka mmoja akaangusha mtungi. Ciakuthii hakusamehe kicheko kile, kwa sababu kilikuwa cha haki. Ugoro ulikuwa umeiua pua yake zamani. Hata maziwa yakiungua, aliyajua kwa kuona moshi.

Ndipo alipomwendea Njagi. "Huyu mtoto wa mjini atakuua na marashi yake. Leo ni mashati, kesho ni koti."

Njagi alikuwa amechoshwa na kelele za jikoni. Akawaita wote wawili, akaapa wakisikia: "Kaari, siku koti langu litanukia hiyo sabuni yako, utarudi kwenu na pakiti mkononi. Nimemaliza."

Ciakuthii hakuhitaji zaidi ya hapo.

Njagi angedungwa, ndiyo. Angevimba macho. Lakini alivimba tangu utotoni na hakufa, na uvimbe huisha. Mkaza mwana mbaya ndiye asiyeisha. Akalisuuza koti juu juu, akalianika, na jua la Mbeere likalikausha mpaka likasimama lenyewe. Akalirudisha kwenye msumari wake na kuvuta ugoro, roho imetulia.

Siku ya kurina, Kaari alikuja mlangoni mwa mama mkwe akiwa mtu mwingine. Mkononi alikuwa na leso ya Ciakuthii, imekunjwa vizuri, imepigwa pasi.

"Nimekufulia, mama. Usiende kupokea asali na ile ya kupikia."

"Heh! Leo umekumbuka una mama?"

"Nimechoka kugombana."

Ciakuthii aliipokea bila asante, akajitanda. Ameshikwa na woga, akawaza. Amenyenyekea, lakini amechelewa.

Uani Njagi alikuwa akivaa koti. "Hili mbona bichi kwapani?"

"Umande," Kaari alijibu, akiendelea kufagia.

Ciakuthii hakuwa na habari ya umande. Alikuwa akiwaza gari litakalombeba huyu msichana kumrudisha Embu, na kama atapanda akilia au akinyamaza.

Mizinga ilining'inia kwenye mgunga ng'ambo ya shamba. Ilikuwa ya marehemu mumewe, na desturi ya boma lile ilikuwa moja: sega la kwanza hupokelewa na mama mwenye boma, peke yake, amesimama chini kabisa ya mti na beseni. Kaari alibaki ukingoni mwa shamba, mbali, kama alivyotakiwa.

Jua lilikuwa limelegea. Njagi alipanda na kienge cha moshi, akakaa vizuri kwenye tawi, akafungua mzinga.

Ciakuthii alisubiri ukelele. Neno la kwanza alikuwa nalo tayari mdomoni: Si nilikwambia!

"Mama!" Njagi aliita kutoka juu akicheka, mkono mzima umo ndani ya mzinga. "Leo wamepoa kama ng'ombe! Hakuna hata mmoja amenigusa. Sogeza beseni!"

Ciakuthii aliinua uso. Wingu jeusi lilimwagika kutoka mdomo wa mzinga, likampita Njagi begani kana kwamba hayupo, likateremka moja kwa moja mpaka aliposimama yeye.

Kutoka ukingoni mwa shamba, Kaari aliita kwa sauti ya upole kabisa:

"Mama, usiitupe leso! Itachafuka!"