Usikubali Kubebwa

"Ukifika Jambe usikubali kubebwa," somo yangu aliniasa tulipoagana Chumbageni, mjini kwetu, mwaka wa hamsini na tatu. "Abebwaye ni mgeni, na mgeni mwisho hurudi kwao."

Maji yalikuwa yamekupwa, mashua ikasimama mbali na kisiwa cha Jambe. Mume wangu, Uweso, akashuka akanigeuzia mgongo.

"Panda, bibi harusi."

Mama yake alikuwa ufukoni na wanawake wenziwe. Nilijua alitaka mkwe wa kisiwani, si mtoto wa mjini.

Niliona haya, lakini nikakusanya kanga nikashuka mwenyewe. Sikufika mbali, miiba ya bahari ikanichoma unyayo. Sikulia. Nilitembea hadi mchangani nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa akitazama damu. Akaniketisha, akauweka mguu wangu mapajani mwake.

"Somo yako hakukwambia uvae makubadhi?"

"Aliniambia nisibebwe tu."

Wanawake wakacheka. Yeye akaagiza utomvu wa papai, akanipaka taratibu. Kisha akavua ndara yake, akanionyesha unyayo wake. Ulikuwa na vidoa vyeusi vya zamani, vya miiba ile ile.

"Marahaba," akasema.