Barua ya Sanduku la Maoni

Asnath aliona kabla ya wengine: kalamu ya Mzee Alute ilikuwa inaandika mezani, pembeni ya karatasi ya mahudhurio. Akaisogeza karatasi taratibu mpaka ikaingia chini ya kalamu.

Kikao cha nidhamu kikaanza. Sheria ilimruhusu mzee kuja na mfanyakazi mwenzake. Katika kiwanda kizima cha alizeti alimchagua Asnath, binti aliyeishia darasa la tano, ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kulisha mashine.

Meneja alikunjua barua isiyo na jina, iliyokutwa kwenye sanduku la maoni.

"'Mzee Alute haoni tena,'" alisoma. "'Juzi aliisalimia aproni iliyotundikwa ukutani. Jana nusura mkono wake uliwe na mkanda wa mashine.'"

Mtu mmoja akacheka. Asnath alimtazama meneja, akingoja. Meneja akaikunja barua.

"Ni Festo huyo wa zamu ya usiku," mzee alinong'ona. "Anaitaka mashine yangu."

"Mzee, ni kweli huoni?" mwenyekiti aliuliza.

"Naona kwa mikono, mheshimiwa. Miaka kumi na tisa."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ugonjwa, lazima tufikirie kazi nyingine. Kuna aliyependekeza yoyote?"

"Hakuna," meneja alijibu.

Mwenyekiti akamgeukia Asnath. "Binti, una neno la kumtetea mzee wako?"

Asnath akamtazama mzee, kisha akatikisa kichwa.

Uamuzi ulitoka kabla ya chakula cha mchana: kazi basi, rufaa ndani ya siku tano. Mzee akavua aproni, akaipapasa, akaikunja vizuri kama anayekunja nguo ya mtoto.

Asnath alimshika mkono hadi barabarani, akamtafutia bodaboda ya kumpeleka kwao Ilongero.

"Umesimama na mimi peke yako, mwanangu," mzee alisema akipanda. "Aliyeandika ile barua, Mungu anamwona."

Pikipiki ikawaka. Asnath hakuuachia mkono wake.

"Baba, meneja hakumaliza kusoma. Mwishoni niliandika: 'Msimfukuze. Mpeni kazi ya kufunga magunia ya mashudu. Mikono yake inaona.'"