Magadi Ndani ya Dawa ya Akiru

Mama wenzangu wa Kakuma, msitie magadi ndani ya dawa iliyochachushwa. Mimi nilitia.

Ilikuwa maji ya mshubiri na sukari, yamechacha siku tisa ndani ya mtungi. Jirani yangu Mrundi ndiye alinitengenezea, kwa ajili ya tumbo la binti yangu Akiru. Lakini Akiru alikuwa anatema kila kijiko, anasema inamchoma. Basi nikatia magadi ya ziwani, yale tunayotafuna na tumbaku. Dawa ikatoa povu, halafu ikatulia. Uchachu ukaisha. Nilifurahi, hata niliimba.

Siku tatu ikakaa kwenye joto, na mtoto anakunywa.

Siku ya nne jirani alikuja kumwona. Alifungua mtungi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka. Juu ya dawa kulikuwa na utando wa kijivu, umekunjamana kama ngozi ya mzee.

"Mama Akiru, uchachu umeenda wapi?"

"Nimeutoa na magadi, dada. Mtoto alikuwa analia."

Akakaa chini palepale kwenye mchanga.

"Ule uchachu ndio ulikuwa unazuia wadudu wa kuozesha. Sasa wamezaana humo. Amekunywa mara ngapi?"

Nilikuwa naangalia kijiko mkononi mwangu, bado kimelowa.

Ndani ya nyumba Akiru aliita, sauti nyembamba kama ya mtu aliye mbali.

"Mama, niongezee dawa. Siku hizi ni tamu."