Saa Moja Barabarani

Siku hizo magari yalijiendesha yenyewe. Mwenye gari la zamani la usukani alitakiwa aliwashe kwa mkono wake kila mwaka mbele ya mkaguzi. Akishindwa, gari linasagwa. Akifaulu, anapewa saa moja barabarani.

Tangu ugonjwa wa kusahau umshike, Elirehema alikuwa amesahau hata majina ya wanawe, lakini kila asubuhi aliamka kulisugua gari lake jekundu la mbio. Mkewe, Ndeshi, aliogopa kwamba likichukuliwa, mzee hatakuwa tena na sababu ya kuamka.

"Haya mzee, washa," mkaguzi alisema alipofika nyumbani kwao mwaka huo.

Elirehema akavuta choki, akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Mkaguzi akagonga muhuri, akawafungulia geti.

Ndeshi akaketi kando ya mumewe huku akilia kwa furaha. Elirehema akamtazama kwa upole.

"Usilie, dada. Nikupeleke wapi?"

Ndeshi akafuta machozi. "Nyumbani, Baba Anaeli."

"Funga mkanda, basi."

Akaingiza gia, akakanyaga mafuta, na nyumba yao ikabaki nyuma. Ndeshi, kama watu wote wa siku hizo, hakujua kuendesha.