Mbwa wa Lyle

Mtu anayegawa mbwa wake hana mpango wa kurudi nyumbani. Hivyo ndivyo Wendell Haugen alivyowaza Jumamosi ile asubuhi kwenye uwanja wa shabaha wa klabu yao, nyundo mkononi, alipomwona rafiki yake Lyle Brandvold akishusha kutoka kwenye pikapu bakuli, blanketi na gunia la chakula cha mbwa.

"Namtafutia Pepper mtu wa kumlea," Lyle alisema bila kumtazama. "Mbwa anataka mtu wa kutembea naye. Mimi magoti yamekwisha."

Wendell alisikia baridi ikimpanda mgongoni, na haikuwa ile ya Aprili ya Dakota, ambayo alishaizoea. Merle, mwenyekiti wao wa zamani, alianza kwa kugawa ndoano zake. Akaja akagawa ng'ombe. Wiki iliyofuata wakamzika, na hakuna aliyetamka amekufaje. Dalili ya mvua ni mawingu, na klabu nzima ya shabaha iliyaona mawingu yale ikanyamaza.

Safari hii Wendell hakuwa na nia ya kunyamaza. Lyle alikuwa amefiwa na mke mwaka wa tatu sasa, na nyumba tupu Wendell aliijua. Mke wake mwenyewe, Joanne, alizikwa Oktoba, na tangu siku hiyo yeye analala kitini, televisheni ikiwaka. Lakini yeye ni mtu mgumu. Lyle ndiye mlaini. Kwenye mazishi ya Joanne alilia kuliko mfiwa.

Ndiyo maana mashindano yalikuwa lazima yaendelee. Kila mwezi Wendell alisimamisha vibao vya chuma vitano vitano, akavipaka rangi nyeupe ili ionekane risasi imegonga wapi, akashika ile saa inayosikia milio na kuhesabu sekunde. Kama si Lyle, angekuwa ameshaacha zamani. Mashua yake alikwishampa jirani, mashine ya kujazia risasi akampa mpwa wa Darla, mwenyekiti wa sasa. Vilikuwa vinajaza banda bure.

Kufika saa tatu, theluji chepechepe ilikuwa ikianguka kimshazari. Waliokuja walikuwa wanne tu. Darla alifika na sufuria ya maharagwe ya nyama, akatazama uwanja, akatikisa kichwa.

"Tuahirishe, Wendell. Vibao vyeupe, theluji nyeupe. Tutalenga nini, mizimu?"

"Nina kopo la rangi ya chungwa."

"Watu wanne, bwana."

"Hata tukiwa wawili." Alimvuta pembeni, nyuma ya pikapu. "Darla, nakuomba. Usimrudishe mtu nyumbani leo."

Machozi yakamlengalenga Darla, akayapangusa kwa glavu.

"Basi mashindano yapo," akasema. "Umekula lakini?"

"Mbona siku hizi kila mtu hapa ni mama yangu?"

Wakapaka vibao rangi ya chungwa na mashindano yakaanza. Ilipofika zamu yake, Wendell alitumia bastola ya Lyle. Yake mwenyewe Lyle aliichukua baada ya Krismasi, ili akaibadilishe springi.

"Springi gani hii, ndugu yangu?" Wendell alimtania. "Wanaitengeneza mwezini?"

"Haijafika," Lyle alijibu, akiinama kuokota maganda ya risasi kwenye matope.

Zamani Lyle aliimaliza kazi ya springi kama hiyo kabla kahawa yake haijapoa. Wendell aliliona na hilo, akalijumlisha na la mbwa. Alifyatua. Vibao vinne vikalia, cha tano akakikosa mara mbili.

Walipokuwa wakiving'oa vibao, akamsogelea Lyle.

"Mwezi wa tano nataka stendi mpya za vibao zichomelewe. Siwezi peke yangu."

"Mwezi wa tano utakuwepo?" Lyle aliuliza.

"Nitakuwa wapi kwingine? Ninayeuliza ni mimi."

"Ukiwepo, nami nipo. Apa."

"Naapa. Apa na wewe."

"Naapa."

Wakashikana mikono kwa glavu zilizolowa, na Lyle hakuuachia mkono upesi. Lakini Wendell hakuridhika. Kiapo ni maneno, na hata Merle aliwahi kuahidi kuja Jumamosi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Pepper namchukua mimi," akasema. "Ila kwa sharti. Kila jioni uje umwone. Kila jioni, Lyle, sitaki kusikia habari za magoti."

"Kila jioni," Lyle aliitikia haraka, kabla Wendell hajamaliza.

Wendell alimfunga mbwa kamba. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alijiona ana faida kwa mtu, na njaa ikamuuma kweli. Alichukua kopo la rangi kulirudisha, akazunguka nyuma ya banda la mabati la klabu, Pepper akimnusa viatu. Ndani palikuwa na watu. Alimsikia Darla akiuliza kwa sauti ya chini.

"Amemchukua?"

"Ameomba mwenyewe. Na ameapa mwezi wa tano atakuwepo." Lyle alikuwa akilia.

"Afadhali. Na bastola yake?"

"Nimeifungia kwenye sefu yangu. Springi niliibadilisha siku ileile."